Kitabu Chako na Mashimo Yetu

Nyumba ya pili nyuma ya tanuru,
Kitongoji ulichokiandikia kitabu.

Jumatano, tarehe 10 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nakupa, maana nililelewa, na aliyelelewa hasahau salamu hata akiwa na hasira za kupasulia kuni. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Mama mkubwa miguu yake inamsumbua vipi siku hizi za baridi, na ile dawa ya kuchua niliyompelekea kwa mkono wa fundi cherehani aliipata, au iliishia kwenye magoti ya fundi? Sisi huku tu wazima wa mwili. Kifua changu kinabana kidogo moshi ukizidi, lakini tumeshazoeana.

Hizo ndizo salamu. Sasa niache nikuseme.

Nimekupigia simu mara nne. Mara ya kwanza uko kwenye kikao. Mara ya pili uko njiani. Ya tatu akapokea mkeo akasema umelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Ya nne ukapokea mwenyewe, ukasema, "Dada, nakupigia sasa hivi." Hiyo sasa hivi yako leo ina siku kumi na moja. Ndiyo maana nimekaa hapa mlangoni kwenye kigoda, daftari la mjukuu wangu juu ya magoti, nakuandikia kwa mkono wenye udongo. Madoa utakayoyaona ni ya kazi, usiyaandikie kitabu.

Na ni kuhusu hicho hicho kitabu chako ninachoandika. Kile cha kurasa arobaini na nane, "Jiografia na Historia ya Kitongoji Chetu", chenye picha yako nyuma umeshika tama utadhani umefiwa. Ulituletea nakala thelathini, ukatugawia uwanjani, tukakupigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja. Nilifurahi tu kwamba mtoto wa mama mkubwa ameandika kitabu, nikatembea nacho kwapani siku tatu nikiwaonyesha hata wasiojua kusoma.

Sasa nimekisoma. Nimekisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu niliyoazima kwa mwalimu, na wino wake umeisha.

Tuanze na babu. Umesema kitongoji kilianzishwa na mwindaji shujaa aliyefuata nyayo za tembo, akachoka, akapumzika kando ya maziwa matatu, akapapenda, akaita watu wake. Mdogo wangu, babu hakuwahi kuwinda hata panya. Babu alikuwa mpishi wa kambi ya wajenzi wa daraja. Aliletwa hapa nyuma ya lori pamoja na masufuria, na akabaki kwa sababu daraja lilipokwisha lori liliondoka bila yeye. Alikuwa amelala. Bibi alikuwa akilisimulia hilo mpaka anashika mbavu, na babu mwenyewe amekaa palepale anakuna kidevu. Huyo tembo umemtoa wapi?

Waliokianzisha kitongoji ni wanawake waliofyatua matofali ya nguzo za hilo daraja. Bibi yetu alikuwa wa kwanza. Daraja lilipokwisha ikaja shule, baada ya shule zahanati, baada ya zahanati kila mtu wa ng'ambo akataka nyumba ya matofali ya kuchoma, na wao wakaendelea kufyatua. Katika kurasa zako arobaini na nane neno tofali nimelitafuta kwa kidole. Liko mara moja, kwenye maelezo ya picha, na picha yenyewe ni ya choo cha shule.

Tuje kwenye jiografia yako. Upande wa mashariki, unasema, kuna "kilima cha mawe mekundu, huenda ni masalia ya volkano ya kale". Hicho ni jaa. Ni matofali yaliyopasuka tanuruni tangu enzi za bibi, yakatupwa pale miaka sabini, yakaota nyasi. Ungeinama ukaokota hilo jiwe lako la volkano ungeona limenyooka pande zote na lina kona nane. Hukuinama. Ulikuwa umevaa viatu vyeupe.

Kijito chako cha msimu ni mfereji aliouchimba marehemu baba yangu kwa jembe na koleo, kupeleka maji kwenye uwanja wa kufyatulia. Alichimba miezi mitano na mgongo wake haukunyooka tena. Wewe umeandika kwamba "mandhari ya hapa yamechongwa na maji kwa subira ya karne nyingi". Nilisoma hapo nikacheka, kisha nikajikuta silijui hata cheko lenyewe ni la nini. Kila kilichotutoa jasho umempa Mungu sifa zake, na sidhani kama Mungu aliomba.

Haya yote ningeyameza. Ningesema ni mtoto wa mjini, kaja siku tatu, kapiga chuku, kaondoka. Nisingekuandikia barua kwa ajili ya tembo.

Ninakuandikia kwa sababu ya ukurasa wa saba. Ziwa Kubwa, Ziwa la Kati na Ziwa Dogo, "maziwa matatu ya asili, chanzo cha uhai". Wiki tatu zilizopita alikuja afisa kutoka ofisi ya mazingira. Sisi tunamwita Bwana Kamba, maana alishuka na kamba ya kupimia begani na hakuishusha mpaka alipoondoka. Mkono wa pili alishika kitabu chako. Amekiwekea vikaratasi vya rangi kwenye kurasa. Akapima mita sitini kutoka kwenye ukingo wa kila shimo, na kila nyumba iliyoangukia ndani ya kamba akaipiga alama ya X kwa rangi nyekundu. Nyumba kumi na moja, banda la kukaushia, na tanuru. Nyumba yangu ina X mbili, moja ukutani na moja mlangoni, kwa sababu ya kwanza ilichuruzika akaona haipendezi.

Nikamuuliza sheria gani. Akasema chanzo cha maji cha asili hakikaliwi wala hakifanyiwi kazi ndani ya mita sitini, tuondoke ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, la sivyo watakuja kubomoa.

"Nani kakwambia ni cha asili?"

"Ndugu yenu mwenyewe, mama. Msomi wenu. Soma hapa."

Akanipa kitabu chako nikisome. Mimi, mbele ya mlango wangu, wenye rangi mbichi.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Tukakaa juu ya matofali yaliyokuwa yanasubiri mteja, Bwana Kamba akapewa kiti. Tukamwambia hakuna ziwa hapa, hayo ni mashimo ya udongo, yalichimbwa kwa jembe, mvua ikayajaza. Akasikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema bwawa la kuchimbwa halimo kwenye sheria hiyo, kwa hiyo kama ni la kuchimbwa atafuta alama zake kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akaanza kuuliza moja moja.

"Hili kubwa nani alichimba?"

Tukasema bibi yetu, na tukamwonyesha kaburi lake.

"Na hili la kati?"

Mkunga wa zamani. Kaburi lake liko karibu na la bibi.

"Na hili dogo?"

Watu zaidi ya arobaini, mdogo wangu, na nusu yao wamepigwa X. Wote waliotimiza miaka hamsini wanajua jibu. Mwenyekiti akakohoa. Mwingine akaangalia vidole vya miguu yake. Bwana Kamba akainua kichwa. Na mtu mmoja akajibu, haraka, kama anayeitikia kwa jina lake:

"Hilo tumelikuta."

Aliyejibu ni mimi.

Bwana Kamba akaandika. Akasema basi, kama moja limekutwa, atajuaje kwamba mengine hayakukutwa? Waliochimba wamekufa, na sisi tuliobaki tunaishi ndani ya kamba, tutasema lolote kuokoa nyumba zetu. Akatuachia upenyo mmoja. Apatikane mtu aliyechimba kwa mikono yake, asiyekuwa na nyumba hapa, akaape mbele ya wakili. Na mwenye kitabu asahihishe kitabu chake kwa maandishi. Vyote viwili vimfikie kabla ya tarehe thelathini.

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, na hasira yote nikaielekeza kwako maana uko mbali na huwezi kunijibu. Nikachukua kitabu nitafute tena kosa jingine. Ndipo nikafungua ukurasa ule wa mwanzo kabisa, usio na namba, ambao mara zote mbili nilikuwa nimeuruka nikidhani ni wa kiwanda cha uchapaji. Umeandika mstari mmoja tu. "Kwa dada yangu, aliyechukuliwa na Ziwa Dogo nikiwa mgongoni mwa mama."

Nilikaa na huo mstari mpaka sufuria ikaungua jikoni.

Kwa hiyo unajua alizama. Sikujua kama unajua. Usilolijua ni hili linalofuata, na ninakuomba ukae chini, na kama mama mkubwa yuko karibu nenda chumba kingine.

Lile shimo dogo alichimba mama yako.

Alilichimba mwenyewe tangu ana mimba ya dada yako. Huku kwetu kila mwanamke aliyechimba alikuwa na shimo lake, huingizi jembe kwenye shimo la mwenzio, na la kwake ndilo lilikuwa na udongo laini kuliko yote. Alichimba vizuri. Kuta zake zilisimama wima kama za chumba, na ndiyo sababu aliyeteleza hakuwa na pa kushika. Dada yako alikuwa na miaka mitano. Alikwenda kuchota maji kwa kopo, mama yako akiwa anapanga matofali tanuruni na wewe uko mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa uwanja wa kufyatulia, nilimwona anapita na kopo lake na nikamwambia asichelewe.

Siku ya maziko shangazi yako alisema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Kamchimbia mwenyewe." Mama yako aliendelea kukuweka sawa mgongoni.

Kesho yake bibi aliwaita watu wote penye tanuru, wakubwa kwa watoto. Akasema kuanzia leo mashimo haya hayana mwenyewe. Hakuna aliyechimba. Tumeyakuta. Atakayeulizwa na mgeni, na mtoto, na mkwe, ajibu hivyo, na atakayejibu vingine asije kuchoma matofali kwenye tanuru lake. Hakuna aliyekula kiapo. Lakini miaka arobaini na moja, kwa shimo la mama yako, neno hilo halijavunjika, na limetukaa mdomoni hivi kwamba hata siku ya kutetea nyumba zetu lilitoka lenyewe.

Na wewe pia nilikwambia hivyo hivyo. Ulipokuja na daftari lako na viatu vyeupe, tulisimama ukingoni, ukaniuliza haya yalikuwepo tangu lini, nikakwambia tumeyakuta. Ukaandika. Kwa hiyo ukurasa wa saba nusu yake ni wangu. Nalikubali hilo shingo upande. Tembo, volkano na mfereji wa baba yangu ni vyako peke yako.

Limebaki moja. Umeandika kwamba kwenye kingo kuna "vidato vya asili vya mwamba mwekundu, ambapo ndege wa majini hupenda kutua". Hapo nilikirusha kitabu uani.

Hizo ni ngazi. Baada ya maziko mama yako aliacha kufyatua matofali ya kuuza. Maji yalipopungua kiangazi akaingia kwenye shimo lake, akachonga ukuta, akajenga ngazi ya matofali kutoka chini mpaka juu. Alipomaliza akaanza upande wa pili. Halafu akaingia kwenye shimo la mkunga, halafu la bibi, na hakuna aliyemwuliza anaingiaje shimo la mtu. Ngazi nne kwa kila shimo, ili mtoto akiangukia upande wowote apate pa kushika. Wewe ulikuwa mgongoni siku zote hizo. Kila tofali lina alama ya vidole viwili, alama yake, aliyokuwa akiibonyeza udongo ukiwa mbichi ili yake yasichanganyike na ya wenzake tanuruni. Nilimwonyesha Bwana Kamba hiyo alama. Akasema ngazi mtu anaweza kujenga hata ziwani, na hapo alikuwa na haki.

Alipoweka tofali la mwisho alinawa mikono, akakufunga vizuri mgongoni, akapanda gari. Hakurudi tena. Ulituambia hakuja siku ya kitabu chako kwa sababu ya miguu. Sio miguu.

Sasa unajua ninachokuomba, na unajua kwa nini sikuweza kukiomba kwenye simu ambayo mkeo anaiweka sauti kubwa. Mtu pekee aliye hai aliyechimba ni yeye, na hana nyumba hapa. Inabidi aketi mbele ya wakili aseme kwa kinywa chake, nilichimba mimi. Neno ambalo kitongoji kizima kimelificha miaka arobaini na moja ili asilisikie, mimi ndiye ninayemwomba alitamke. Usidhani sijui ninachokifanya. Nimeanza barua hii mara tatu.

Usimlazimishe. Mwulize mara moja, kwa adabu, mkiwa wawili tu. Akisema hapana ni hapana, na sisi tutafunga virago, na sitaki mtu yeyote amrudie. Sehemu yako wewe lakini haina hiari. Utaandika kwamba umekosea, utaweka sahihi, utampa fundi cherehani, ambaye anarudi huku Jumamosi ya wiki ijayo. Kama unaona aibu mbele ya wasomi wenzako, andika kwamba ulidanganywa na dada yako mfyatua matofali. Ni kweli, na mimi sina cheo cha kupoteza.

Nisalimie mkeo, na umwambie saa nne asubuhi huku tunakuwa tumeshafyatua mia mbili. Wasalimie wanao, hasa yule mdogo aliyeniuliza volkano italipuka lini. Mume wangu anakusalimu, naye pia amekununia. Mwenyekiti anakusalimu, na anauliza kama unaweza kuleta nakala nyingine, maana Bwana Kamba aliondoka na ya kwake pia.

Mama mkubwa mpe salamu za pekee. Kama maneno yatakushinda, mpe barua hii aisome mwenyewe. Makali yote yaliyomo ni yako, hakuna hata moja lake. Na umwambie jambo ambalo nilipaswa kumwandikia zamani nikaogopa, kwa sababu na mimi nilikuwa chini ya neno la bibi. Mwambie tangu aondoke hakuna mtoto mwingine aliyezama. Wameanguka. Mimi mwenyewe nimeona watatu kwa macho yangu wakiteleza ukingoni, wakapotea chini ya maji, kisha wakajitokeza wameshika ngazi, wakapanda wenyewe mpaka juu wakilia. Mwambie wa tatu alikuwa binti yangu.

Mungu akulinde, akupe kifua cha kumwuliza, na yeye ampe nguvu ya kujibu vyovyote atakavyojibu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ambaye bado nimekukasirikia.